Frasila moja kwanza: niliyoyasema Jumamosi baada ya jogingi

Wengi mliniomba niandike yale maneno ya Jumamosi kwa sababu spika ilikata mara mbili na waliokaa nyuma hawakusikia kitu zaidi ya upepo. Nimeandika kama nilivyosema, na pale mlipocheka nimeacha hivohivo.

Mwangaluka! Shikamooni wazee wangu mliokaa benchi pale chini ya mwembe, na nyie wengine habari za jasho. Mwenyekiti kanipa dakika 15, mi najijua zitafika nusu saa, kwa hiyo kaeni chini kabisa mnyooshe miguu, tumetoka Kwihara mbio na jua lenyewe ndo hili. Nimeambiwa niongelee hiki kidude. Mnakiona kila siku mkipita pale kwangu uani Cheyo, hapa Tabora, mnauliza ni nanga ama ni jiwe la mizani. Kinaitwa ketobeli. Vijana wa pale wanakiita kufuli maana ukikiangalia ni kufuli tupu, mwili wa duara na upinde wa kushikia juu. Naomba msicheke, najua kufuli lingine mnalolifikiria, hilo tuliache nyumbani kwenye kamba ya nguo.

Aliyesema jiwe la mizani hajakosea hata kidogo. Hiki kitu kimetoka Urusi, na kazi yake ya kwanza ilikuwa sokoni, kupimia nafaka. Kipimo chao cha zamani kiliitwa pudi, ni kilo 16 na kipande kidogo, basi wauza nafaka wakawa na mawe ya pudi moja, pudi mbili, na unajua wanaume wakikaa sokoni bila mteja lazima watambiane, huyu akinyanyua mara tano yule anataka saba. Jina lake la Kirusi ni girya na limo kwenye kamusi ya kwao tangu 1704. Baadaye daktari mmoja, Vladislav Kraevsky, akaanzisha kikundi cha wanyanyua vyuma pale St. Petersburg mwaka 1885, mambo yakawa rasmi, na siku hizi ni mchezo wa mashindano kabisa, mtu anapewa dakika 10 ananyanyua bila kuliweka chini. Makufuli ya mashindano yote yana ukubwa mmoja, liwe la kilo 16 ama 32, tofauti unaijua kwa rangi: la njano 16, la kijani 24, jekundu 32. Gawa hizo namba utaona pudi moja, moja na nusu, mbili. Hesabu ya sokoni haijaondoka.

Sasa mimi mtoto wa Unyamwezi nikisikia kilo 16 nasikia kitu kingine. Wazee mnikumbushe, frasila, kile kipimo chetu cha zamani cha mizigo, moja ilikuwa ratili 35 hivi si ndiyo? Piga hesabu, ni karibu kilo 16. Yaani pudi ya Mrusi na frasila yetu ni ndugu kabisa, mmoja kazaliwa kwenye theluji mwingine kwenye miombo. Na mpagazi wa hapa, yule aliyetoka Tabora kwenda Bagamoyo na pembe za ndovu na kurudi na majora ya nguo na shanga, mzigo wake wa kawaida ulikuwa frasila mbili hivi, nao ndo lile kufuli jekundu la kilo 32, analibeba siku nzima na kesho tena, kwenye njia ambayo kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji ni kama kilomita 1,200. Halafu kijana wa leo akinyanyua kilo 16 mara tatu anatafuta simu apigwe picha.

Ila kilichonifanya niwalete wapagazi hapa sio sifa. Bibi yangu alikuwa anasimulia kwamba mtoto wa zamani hakupewa mzigo wa baba yake. Alipewa kijipembe kidogo, kikamkaa begani, akatembea nacho kutoka mtoni mpaka nyumbani, mwaka mzima, mpaka bega likazoea na shingo ikajua ikae wapi. Mi zamani nilidhani ni hadithi ya kutulaza tu. Nimekuja kuielewa nikiwa na miaka 34, nimelala kifudifudi sakafuni, siwezi kuvaa soksi.

Ilikuwa hivi. Nilikaa mjini kidogo, mji siutaji, nikawa naenda jimu moja, nayo siitaji, na mwalimu wa pale akanipa la kilo 24 siku ya kwanza, akasema we mwanaume na tena mrefu, 16 ni ya kina dada. Maneno kama hayo yameumiza migongo mingi kuliko magunia ya mpunga. Nikapenda, nikanunua langu, nikapanda nalo basi mpaka huku, konda akaliinua begi akaniuliza umebeba chuma cha mashine ama nini, nikamwambia kufuli, akanitazama sana. Nikifika nyumbani nikafungua video kwenye simu, kuna jamaa anapiga snachi, yaani kufuli linatoka katikati ya miguu linaruka moja kwa moja mpaka juu ya kichwa kwa mkono mmoja, zuri kinoma, nikasema na mimi. Sikujua kwamba yule jamaa ana miaka kadhaa nyuma ya ile sekunde moja. Wiki ya kwanza mkono wangu ukawa na uvimbe hapa juu ya kifundo cha mkono, pale pa saa, kwa sababu kila likifika juu linajipindua linanibamiza. Wiki ya pili mgongo ukasema pah. Wiki sita sikumbeba mwanangu, na alikuwa na umri ule wa kutaka kubebwa muda wote.

Tatizo halikuwa kilo 24. Ndoo ya maji ya lita 20 ni kilo 20 na mama zetu wanatwisha kila siku, na ndoo hiyohiyo ukiijaza asali inafika kama kilo 28 kwa sababu asali nzito kuliko maji, wafuga nyuki mliopo hapa mnajua kiuno chenu kinavyosema msimu wa mavuno. Kwa hiyo uzito tunaujua. Tatizo ni kwamba ndoo imetulia na kufuli halitulii. Uzito wake wote uko chini ya mkono wako, umening'inia nje ya kiganja, ukilipa mwendo linakuvuta kwenda linakotaka lenyewe. Kufuli la kilo 16 likishuka kwa kasi katikati ya miguu yako, mgongo hauhesabu 16, unahesabu zaidi ya hapo. Ukiwa umekaa vizuri makalio na mapaja yanalipokea. Ukikaa vibaya linapokelewa na vile vifupa vidogo vya chini ya mgongo ambavyo havijaajiriwa kwa kazi hiyo.

Basi nikaanza upya kama mtoto wa kijipembe. Na niliyemuona mwalimu wangu wa kwanza wa kweli hakuwa kwenye video, alikuwa mama mmoja jirani anafagia uwanja kwa ufagio wa njiti.

Mtazameni vizuri mama anayefagia, ama anayepalilia karanga. Hachuchumai. Magoti kayakunja kidogo tu, makalio yameenda nyuma, mgongo umenyooka kama meza, na anakaa hivo saa nzima anaongea na jirani juu ya ukuta. Anakunjika kwenye nyonga, sio kwenye kiuno. Sisi wanaume tuliokaa ofisini na kwenye bodaboda tumesahau kabisa hiyo, ukimwambia mtu inama ama anachuchumaa kama yuko chooni ama anapinda mgongo kama ndizi. Pale kwangu nawaambia simama futi moja kutoka ukutani, upe ukuta mgongo, sasa uguse ukuta kwa makalio bila kukunja goti sana. Ukigusa, sogea mbele kidogo, gusa tena. Au kumbuka umeshika masufuria mawili ya moto na mlango uko wazi nyuma yako, unaufungaje? Eeh, hivohivo. Mtani wangu Mzaramo pale kajaribu akaangukia ukutani, lakini nia ameonyesha.

Hilo likikaa ndo unaliweka kufuli chini, katikati ya vifundo vya miguu na sio mbele ya vidole, unakunjika, unalishika, unabana kwapa kama umeficha noti, unasimama. Basi. Wenyewe wanaita dedilifti. Halina mbwembwe, hakuna atakayekupiga picha, na mi nawaweka watu hapo wiki mbili, wengine mwezi, seti tatu za mara kumi. Kuna kijana alikuja akapiga siku mbili akaniambia kocha hii nishaimaliza. Nikamwambia sawa, piga kumi nikuangalie mgongo. Ya kwanza nzuri, ya nne nzuri, ya saba mgongo ukaanza kujikunja, ya tisa ilikuwa ndizi. Nikamuuliza umemaliza nini. Mi nahesabu zoezi limeshikwa pale ambapo ya kumi inafanana na ya kwanza na mtu anaongea nami bila kuhema vibaya, hapo ndo tunasogea.

Kuna na skwati ya kulikumbatia, unalishika kifuani kwa mikono miwili kama umeshika bakuli la uji wa moto, unachuchumaa mpaka viwiko viingie ndani ya magoti, kifua hakilali. Uzuri wa hili ni kwamba kufuli lenyewe linakufundisha, ukiinamia mbele linakuangusha. Na kuna kubeba tu. Shika kufuli mkono mmoja tembea kutoka hapa mpaka kwenye goli na urudi, bila kulalia upande. Wapagazi hao.

Sasa ngojeni niongelee lile ninalolipenda kuliko yote na watu wanalikimbia kuliko yote. Linaitwa getapu. Umelala chali, kufuli liko juu, mkono umenyooka kuelekea mbinguni, na unatakiwa usimame wima bila mkono ule kukunjika, halafu urudi chini kwa njia uliyokuja nayo. Unaegemea kiwiko, unaegemea kiganja, unainua nyonga, unapitisha mguu chini, unapiga goti, unasimama. Na macho yako juu kwa kufuli karibu safari yote mpaka ufike kwenye goti. Watu wanaona ni sarakasi lakini hapo ndani mna kila kitu, bega linajifunza kukaa kwenye tundu lake, tumbo linashika, nyonga inafunguka. Na uzito wa kuanzia ni ndala. Ndiyo, ndala. Kunja ngumi, weka ndala juu ya ngumi, isimame. Ikidondoka umekosea mahali, rudi mwanzo. Mi nilidondosha ndala siku tisa. Mzee mmoja wa miaka 60 na kitu aliidondosha siku mbili tu, kwa sababu hakuwa na haraka, alikuwa anasimama kama mtu anaamka asubuhi kwake. Ukiweza dakika tano unabadilisha mkono kulia kushoto na ndala haijaanguka, hapo ndo nakupa chuma, tena kidogo.

Baada ya hapo ndo swingi. Swingi ni bembea, na bembea mnaijua: kamba haifanyi kazi, kamba inashika tu, anayefanya kazi ni yule anayesukuma. Mikono yako ni kamba. Anayesukuma ni nyonga. Kufuli linapita katikati ya mapaja, juu kabisa karibu na kinena na sio chini kwenye magoti, nyonga zinapiga mbele kwa nguvu, makalio yanabana, na kufuli linaelea lenyewe mpaka usawa wa kifua, hapo lina sekunde halina uzito, afu linarudi na wewe unalisubiri, usiwahi kuinama, liache lije kwanza likaribie kukugonga ndo ukunjike. Kosa namba moja ni kulivuta kwa mabega, utajua tu kwa sababu kesho yake shingo ndo inauma na makalio hayana habari. La pili ni kufanya skwati, unapanda unashuka kama pistoni. La tatu ni kule juu mtu anajipinda nyuma kama anatafuta mwezi, simama wima tu kama mti wa mninga inatosha. Na pumzi usiibane, toa kwa nguvu pale juu kama mpasua kuni, ile hah! anayotoa shoka likishuka, yule hajafundishwa na mtu.

Kumi kumi. Piga kumi, weka chini, tembea, vuta pumzi mpaka uweze kuongea, piga tena kumi. Seti tano zinatosha miezi ya mwanzo. Mwanaume asiye na tatizo la mwili nampa frasila moja, kilo 16, mwanamke 8 ama 12, na mtu asione aibu kushuka chini ya hapo, bibi yangu alishasema habari ya kijipembe.

Klini, yaani kulileta kufuli mpaka begani, na presi, kulisukuma kutoka begani mpaka juu, nazipita haraka kwa sababu jua linapanda. Ila hili la uvimbe wa mkono mlisikie, maana wengi wameniuliza. Kufuli linakubamiza kwa sababu umelishika kwa ngumi ngumu likapinduka juu ya mkono kama kitasa cha mlango. Mkono ndo unatakiwa uingie ndani ya upinde mpaka mwisho, kufuli linazunguka pembeni ya mkono, kiwiko kiko karibu na mbavu, na upinde unalala mshazari kwenye kiganja. Likifika begani halitoi sauti. Ukisikia puh, umekosea. Nalifundisha hili baada ya swingi ya mkono mmoja na si kabla, kwa sababu klini ni swingi ileile imefungwa kamba fupi. Na ile snachi iliyonilaza mimi ni swingi ileile imeachwa ifike juu. Hapo ndo nilipojiona mjinga, nilitaka paa na nyumba haina msingi, tena ukuta ndo ulikuwa haupo kabisa.

Kuna vijana mmesikia habari ya ule mtihani wa snachi 100 ndani ya dakika tano kwa kilo 24, na mmeanza kuniuliza lini. Siwakatazi. Mi mwenyewe niliupita, ilinichukua kama miaka miwili tangu siku ya soksi, na katika hiyo miaka miwili snachi zenyewe nimezipiga kama miezi minne tu, iliyobaki yote ilikuwa kufagia uwanja, ndala na bembea.

Maswali yalikuwa mengi, nayajibu hapa kama nilivyoyajibu pale. Mama aliyeuliza habari ya presha: uende kwanza kwa daktari upimwe, mwambie unataka kufanya mazoezi ya nguvu, yeye ndo aseme, na wajawazito vilevile, na mwenye ngiri naye asijaribu kabisa kabla hajaonwa. Aliyeuliza viatu: zile raba zenu za jogingi zina soli laini kama godoro, kwa kukimbia safi, kwa kufuli zinakuyumbisha, vua upige pekupeku ama vaa katambuga, tairi la gari halibonyei. Aliyeuliza mikono kuteleza: vunja chaki ya darasani ujipake, na usipigie sebuleni kwenye tailizi za mwenye nyumba, pigia uani kwenye udongo na watoto wakae mbali, likichomoka hilo halina breki. Sugu kwenye kiganja ni kawaida, malengelenge ni dalili kwamba unalikaba sana.

Na yule dada aliyesema hana hela ya kununua: kanunue kidumu cha lita kumi, jaza mchanga nusu, upige dedilifti na kubeba kwa mwezi mzima. Swingi ya kidumu sikushauri, mshikio unakatika, nimeona. Ukitaka kulijua chuma lenyewe njoo Cheyo saa 12 na nusu asubuhi, hakuna kiingilio, ila unafagia uwanja kwanza na nitakuwa nakuangalia mgongo.

Nikamalizia hivi: haya, nyanyukeni. Hapana, laleni. Vueni ndala ya kulia kila mtu, na nyie wazee mkitaka. Lala chali, kunja goti la kulia, ngumi ya kulia juu, ndala juu ya ngumi. Mwenyekiti na wewe, usijifanye unapiga simu. Macho kwenye ndala. Tunaenda kwenye kiwiko... moja.